Kuingiza Kuku Wageni Katika Kundi la Nyumbani

Mfugaji wa Lugoba anunuapo matetea wawili gulioni, au kwa wachuuzi walio kando ya barabara kuu iendayo Segera, desturi yake ni kuwafungua kamba miguuni jioni ile ile na kuwasukumia bandani pamoja na wale wa zamani. Asubuhi huangalia kama wamedonoana. Akiwakuta salama huona kazi imekwisha. Kumbe hatari kubwa si midomo ya wenyeji, bali ni ugonjwa ambao mgeni huenda amekuja nao bila kuonyesha dalili.

Unaohofiwa zaidi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Tangu virusi vyake vimwingie kuku hadi dalili zitokee hupita siku 2 hadi 15. Tena, mdondo uanzapo kijijini, wenye kuku hukimbilia kuwauza kabla hawajafa. Basi kuku wa bei ya chini mno, hasa wakati wa kiangazi, ni wa kutiliwa shaka. Kundi lisilochanjwa laweza kuteketea karibu lote katika siku chache, na pamoja nalo fedha zilizotegemewa kwa sare za shule.

Kwa hiyo wageni hawana budi kutengwa kwa majuma matatu, katika kibanda kilicho mbali na banda la zamani, wala wasiachiwe kuzurura. Wawe na vyombo vyao vya maji na chakula. Wenyeji wahudumiwe kwanza, wageni baadaye. Katika muda huo wakaguliwe utitiri na viroboto, na wapewe dawa ya minyoo.

Chanjo ya I-2 hutengenezwa nchini, nayo hutolewa tone moja katika jicho moja kila baada ya miezi mitatu. Wachanjwe wageni na wenyeji pia, yapata majuma mawili kabla ya kuchanganywa, ili kinga ipate kujengeka. Chanjo haiponyi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Wengi huilaumu bure kwa sababu hiyo. Kwa kuwa kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa banda moja, makatibu wa vyama wangefanya vyema kuwakusanya wanachama wachanje siku moja.

Ugomvi nao upo. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza mnamo mwaka 1922 jinsi kila kuku ajuavyo wa kumdonoa na wa kumwogopa. Mgeni huivuruga safu hiyo, nayo hupangwa upya kwa midomo. Wageni wakae kwanza nyuma ya wavu kwa siku kadhaa, waonane bila kugusana, kisha waingizwe usiku wenzao wakiwa wamelala. Ni afadhali waingie wawili au watatu kuliko mmoja. Chakula kiwekwe mahali pawili, na atokwaye damu aondolewe mara moja, kwani kuku wengine wakishaiona damu hawaachi kumdonoa.