Diski za Kompyuta: Ghala Moja Halitoshi

Katika jiji letu la Kampala wapo wananchi wanaonunua vipande vya kompyuta kimoja kimoja na kuviunganisha wenyewe nyumbani. Ni jambo la kusifiwa. Walakini wengi hutumia fedha zao katika kioo na mapambo, kisha kwa senti zilizosalia hununua diski ya kuhifadhia. Hapo ndipo kosa linapoanza, maana kipande kingine chochote kikiharibika hununuliwa kipya, bali yaliyomo ndani ya diski hayauzwi katika duka lolote.

Yafaa ieleweke kwamba diski ni za namna mbili. Ya kwanza ni diski ngumu, yenye sahani za sumaku zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Asili yake ni mtambo wa kampuni ya IBM wa mwaka 1956, uliokuwa na sahani 50 na kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Ya pili ni SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Ile ya SATA husoma hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Zile za NVMe, zinazochomekwa moja kwa moja katika ubao mkuu, nyingi hupita 2,000. Diski ngumu hufikia kiasi cha 200, lakini kwa fedha ile ile hutoa nafasi kubwa zaidi.

Kwa hiyo, mwenye uwezo na anunue zote mbili: SSD ya gigabaiti 500 kwa programu na kazi za kila siku, na diski ngumu ya terabaiti 2 kwa picha na hati. Kabla ya kulipia NVMe, hakikisha ubao wako una mahali pake. Aidha, terabaiti 1 ikionekana katika Windows kuwa gigabaiti 931, usimgombeze mwenye duka. Ni tofauti ya kuhesabu tu. Bali diski ya bei rahisi kupita kiasi ijaribiwe kwa kujazwa yote mapema, kwani ziko za bandia zinazodai nafasi zisizokuwa nayo.

Katika mafunzo ya ukadeti nilifundishwa kutotegemea njia moja ya mawasiliano. Nyumbani nikasahau. Sauti ya marehemu mama yangu niliihifadhi katika diski moja. Usiku mmoja umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu. Asubuhi diski ikawa yagonga-gonga tu, wala haikusomeka tena. Sauti ile sitaisikia kamwe.

Hapana budi, basi, kompyuta ilindwe kwa UPS, na nakala ya pili ya mambo yasiyonunulika iwekwe katika diski nyingine, nje ya nyumba, kwa ndugu aliye Jinja au Mbarara. Wahenga walinena: akiba haiozi.