Tovuti ya Django: Njia Ipi Nafuu ya Kuongeza Huduma?

Unauza kahawa ya unga Bukoba au unapangisha vyumba vya wageni Muleba, na fundi alikujengea tovuti kwa Django. Sasa unataka wateja watafute, watoe maoni na walipe humo humo. Njia ziko nne.

Vilivyomo tayari. Django ni ya bure, na wapo wanaolipia vitu ambavyo imekuja navyo. Ramani ya tovuti ya kusomwa na Google imo. Tangu toleo la 1.10 la mwaka 2016, utafutaji wa maneno umo pia kwa anayetumia hifadhidata ya PostgreSQL. Kasoro yake ni kwamba PostgreSQL haiji na kanuni za Kiswahili: mgeni akiandika “vyumba”, hataletewa tangazo lenye “chumba”. Dawa haina gharama: andika maneno yote mawili kwenye maelezo.

Programu jalizi za bure. Kuziweka ni bure. Gharama huja zikikosa mtunzaji. Hata sehemu ya maoni ilikuwa ndani ya Django, ikaondolewa katika toleo la 1.8 mwaka 2015 na kubaki kifurushi cha pembeni. Kabla ya kusakinisha, angalia toleo la mwisho limetoka lini na kama linakubali Django yako.

Huduma za nje. Disqus, huduma ya maoni ya wasomaji, hupachikwa kwa dakika chache, lakini mpango wake wa bure huja na matangazo. Matangazo hayo yanakula bando la mteja. Aliye kisiwani Bumbire amenunua MB zake aone bei ya chumba, si matangazo ya watu wengine.

Kumlipa fundi aandike. Ndiyo ghali mwanzoni, ila kwa oda na malipo ya simu inafaa. Muulize bei mbili: ya kujenga na ya kutunza kwa mwaka. Django 5.2, iliyotoka Aprili 2025, itapata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Baada ya hapo lazima uhamie toleo jipya, na kazi hiyo ina bei. Dai pia ukabidhiwe msimbo wote.

Ushauri wangu: maliza kwanza vilivyomo, ongeza jalizi chache zinazotunzwa, na fedha ya fundi iweke kwenye malipo. Kisha fungua tovuti yako kwa simu ya bei ndogo, kwa bando lako mwenyewe, uone mteja anachokiona.