Pikapu tupu au ya daraja la juu? Mlima Elgon ulinifunza hesabu

SAA tisa za usiku, Novemba 2018, simu iliita nyumbani kwangu Jinja. Alikuwa kakangu mkubwa, mfanyabiashara wa Mbale. Mama alikuwa ameteleza kwenye matope kijijini kwetu, juu katika milima ya Bududa, na nyonga yake ilikuwa imevunjika. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alasiri.

“Gari langu liko kwa fundi Kampala,” alisema. “Njoo na lako. Si ulisema linapanda popote?”

Ni kweli nilisema hivyo, tena mbele ya watu. Pikapu yangu ilikuwa na matairi makubwa yenye meno, bampa ya chuma, keria juu ya paa na taa nne za ziada. Watoto wa shule ninakofundisha waliiita “Safari Rally”.

Nilipita Iganga, nikashika njia ya Namutumba, Tirinyi na Budaka. Kilomita 145 hivi za lami nilizimaliza bila shida, na kulipopambazuka nikampakia kaka mjini Mbale. Shida ilianza tulipoiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Kwenye mteremko wa kwanza wa udongo mwekundu magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale, yale ya mbele yakabaki yametulia kama ya mkokoteni. Tulisukuma, tukaweka mawe na matawi ya migomba, tukachafuka mpaka nyusoni. Pikapu haikupanda hata hatua kumi.

Nyuma yetu ilikuja pikapu nyingine nyeupe, ya mnunuzi wa kahawa. Ilikuwa na rimu za chuma zisizo na urembo, viti vya plastiki vilivyochanika na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Haikuwa na redio. Dereva alisimama, akavuta mkono mdogo kando ya gia, akatupita taratibu kama anayekwenda sokoni. Ndiye aliyetupeleka hadi kituo cha biashara ambako vijana walikuwa wakimshusha Mama kwa machela.

Wiki tano tu zilikuwa zimepita tangu maporomoko ya Bukalasi ya tarehe 11 Oktoba 2018 yaliyoua watu wengi katika wilaya hiyohiyo. Kila mtu pale alijua kuwa mlima ukishiba maji hausubiri. Tulimfikisha Mama hospitali ya rufaa ya Mbale kabla ya saa sita mchana.

Siku hiyo nilianza kupiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mwaka mmoja na nusu kabla.

Hesabu ya mwalimu

Wazazi wangu walikimbilia Kitale, Kenya, mwaka 1985, nikiwa mdogo, na huko ndiko nilikosomea hadi kumaliza sekondari. Tuliporudi Uganda tulirudi juu ya mahindi kwenye lori la mtu. Kwa hiyo nilipochukua mkopo wa SACCO ya walimu mwaka 2017, nilikuwa natafuta gari la kwanza katika ukoo wetu. Msomaji atanielewa nikisema kwamba moyo ulitangulia, kichwa kikafuata.

Uani kwa muuzaji palikuwa na pikapu mbili za umri mmoja na injini moja ya dizeli. Ya kwanza ilikuwa ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, kwa shilingi milioni 31. Ya pili ilikuwa na uwezo wa magurudumu manne, ile ambayo mafundi huiita fowili, kwa milioni 42. Kwa kuzitazama, tofauti ilikuwa kimo kidogo tu. Nilijiambia, “Nitanunua ya bei nafuu, nyingine nitaongeza polepole.”

Polepole hiyo ilikwenda hivi. Rimu na matairi milioni 3.6. Springi za kuongeza na kuinua gari milioni 1.9. Bampa ya chuma milioni 1.2. Keria na turubai la nyuma milioni 1.5. Taa laki 4. Viti laki 7. Kisha, kwa kuwa matairi yale yalikuwa mazito kuliko gari lilivyoundwa kuyabeba, beringi na breki laki 9. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilikuwa kimefika milioni 10.2.

Ajabu ni kwamba baada ya ile aibu ya Bududa bado sikukoma. Fundi mmoja aliniahidi kuifunga fowili kwa vyuma vilivyokatwa kutoka gari lililogongwa. Alichukua milioni 4.2. Ekseli ya mbele haikukaa kwenye chesisi, na fedha hazikurudi. Jumla nilitumia milioni 14.4 juu ya zile 31, yaani milioni 45.4. Nilikuwa nimelipia zaidi ya ile pikapu ya pili, na bado sikuwa nayo. Nilipoiuza, mnunuzi alinipa milioni 27 na kuniomba niondoe bampa.

Vinavyofungwa na visivyofungwa

Kosa langu halikuwa kununua gari tupu. Gari tupu si aibu. Kosa lilikuwa kutojua kwamba katika gari kuna vitu vya aina mbili: vile ambavyo fundi wa Jinja au wa mitaa ya Kisekka kule Kampala anaweza kuvifunga kwa siku moja, na vile ambavyo huzaliwa na gari kiwandani.

Vinavyofungwa ni matairi, springi, shokapu, keria, taa, redio, viti, ndoano za kuvutia na bamba la chuma la kukinga tumbo la injini. Hivi hununuliwa kidogo kidogo, mshahara hadi mshahara, na huweza hata kuvuliwa na kuhamishiwa gari jingine.

Visivyofungwa ni chesisi, injini, fowili yenyewe na ile giaboksi ya pili inayotoa gia nzito za kupandia mlima. Ongeza hapo breki za ABS na mifuko ya hewa ya kukinga abiria ajali inapotokea. Inawezekana kuvifunga baadaye? Kwa fedha na karakana kubwa, baadhi yake ndiyo. Kwa mshahara wa mwalimu, hapana.

Tena hata vinavyofungwa vina bei isiyoandikwa kwenye risiti. Tairi za kiwandani za gari langu zilikuwa na kipenyo cha inchi 28. Mimi niliweka za inchi 31. Spidomita ilipoonyesha 80, nilikuwa nakwenda karibu 89 bila kujua. Gia zote zikawa kama zimeongezwa urefu, kwa hiyo injini ikakosa nguvu penye kilima, mahali nilipoihitaji zaidi. Gari lililoinuliwa pia huyumba zaidi kwenye kona. Bampa na keria pamoja zilikuwa na uzito usiopungua kilo 120. Hayo ni magunia mawili ya kahawa ya kilo 60 ambayo pikapu ilibeba kila siku bila mtu kuilipa nauli.

Je, daraja la juu ndilo jibu?

Msomaji asiharakishe. Gari la kaka ndilo lilikuwa la daraja la juu: injini yenye turbo, viti vya ngozi, rimu za kung’aa, kiyoyozi, na fowili ya kubonyeza kitufe. Alilinunua kwa milioni 64. Usiku Mama alipoanguka, lilikuwa na siku kumi na moja Kampala likisubiri nozeli.

Injini za kisasa za dizeli husukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno, zaidi ya mara elfu moja ya ule wa hewa tunayovuta, kupitia matundu madogo kuliko ncha ya sindano. Dizeli yenye maji au uchafu kidogo huziharibu nozeli hizo, na dizeli ya kwenye madumu huko vijijini si safi kila siku. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tuliozoea magari ya mitumba kutoka Japani tunazijua herufi zilizobandikwa nyuma ya Prado: TX na TZ. Watu hulipa mamilioni kwa ajili ya herufi moja. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hizo ni starehe ya abiria, na chesisi ni ileile. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji akuonyeshe herufi hiyo imeongeza nini chini ya gari, si ndani yake.

Kuna na suala la kodi. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na VAT ya asilimia 18 hapa Uganda hupigwa kwa thamani ya gari. Maana yake ngozi ya viti na rimu za kung’aa hukatwa kodi pamoja na injini. Tena tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15, kwa hiyo yale magari ya zamani yenye injini za kimakanika yanazidi kuadimika.

Wanavyofanya wanaojua

Waangalie wale wanaoendesha magari kwenye njia mbaya kwa kazi. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilianza kuuzwa mwaka 1984 na hadi leo inaundwa. Yule dereva wa shirika la misaada unayemwona akipanda milimani mara nyingi ameketi kwenye gari la namna hiyo, ambalo ndani yake halina cha kumvutia bwana harusi. Kampuni ya Toyota Gibraltar Stockholdings, iliyoko Gibraltar, huyauzia mashirika ya misaada magari ya aina hiyo na kuyafungia yanayohitajika: redio za mawasiliano, bomba la kuvutia hewa juu, tangi la pili la mafuta.

Ndiyo kusema, nao hununua gari tupu kisha wakaliongezea. Ila wao huanza na gari ambalo ni tupu juu lakini limekamilika chini. Mimi nilianza na gari lililokuwa tupu juu na chini.

Kwa hiyo anayetaka kununua ajiulize maswali matatu. Kwanza, njia mbaya kuliko zote nitakazopita ni ipi? Kama ni barabara ya Jinja hadi Mbale tu, gari la magurudumu mawili linatosha, na fowili itakuwa mzigo wa kukunywea mafuta. Pili, ninachokikosa katika gari hili la bei nafuu kinafungika au hakifungiki? Kama hakifungiki, subiri, ongeza akiba. Tatu, kikiharibika, fundi aliye karibu nami anakijua na kipuri chake kinapatikana Mbale, au lazima kiende Kampala?

Mwaka 2021 nilinunua pikapu nyingine: fowili, injini isiyo na kompyuta nyingi, rimu za chuma, vioo vya kuzungusha. Nimeiongezea vitu vitatu tu: matairi mazuri ya saizi ileile ya kiwandani, springi moja ya mzigo kila upande, na ndoano mbili za kuvutia. Vyote havikufika milioni tatu.

Mama alifanyiwa upasuaji akapona, ingawa sasa anatembea kwa mkongojo. Mara ya kwanza nilipompeleka kliniki kwa gari hili aliliangalia mbele na nyuma, akaniuliza kwa huruma kama wezi walikuwa wameiba zile taa.

“Hapana, Mama,” nilimjibu. “Panda twende, mvua inakuja.”