Ikoni Zinapotoweka Ofisini: Kibao cha Njia Si Mji Wenyewe

Ijumaa ya tarehe 13 Januari 2023, wafanyakazi wa ofisi katika nchi mbalimbali waliketi mbele ya kompyuta zao wakakuta jambo la kushangaza. Ikoni walizozoea kuzibofya kila siku, za Word, Excel na programu nyinginezo, zilikuwa zimetoweka kwenye skrini, kwenye ukanda wa chini na hata kwenye menyu ya Start. Wapo waliodhani wameingiliwa na kirusi, na wapo waliodhani programu zao zimefutwa. Ukweli ulikuwa mwingine kabisa: aliyezifuta ikoni hizo ni mlinzi mwenyewe.

Microsoft Defender, programu ya ulinzi inayokuja pamoja na Windows, ilikuwa imepokea masasisho mapya. Masasisho hayo yalikuwa na kasoro iliyoigusa kanuni moja, ambayo kazi yake ni kuzuia hila zinazopenya kupitia makro za nyaraka za Office. Kanuni hiyo ikaziona njia za mkato zisizo na hatia kuwa ni hatari, ikazifuta. Waliopatwa ni wale ambao ofisi zao zilikuwa zimeiwasha kanuni hiyo katika kompyuta wanazozisimamia. Microsoft ilitoa masasisho mengine ya kurekebisha kosa, kisha ikawapa mafundi skripti ya kuziunda upya baadhi ya njia za mkato zilizopotea. Programu zenyewe hazikufutwa. Aliyebonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi R, akaandika neno winword, aliweza kuifungua Word yake kama kawaida.

Tukio hilo lina funzo kwa kila mtumishi wa ofisi, awe karani, mhasibu au mwalimu mkuu. Ikoni yenye kishale kidogo pembeni haina programu wala waraka ndani yake. Ni faili dogo sana, kwa kawaida la kilobaiti chache tu, lililobeba anwani ya mahali kitu kilipo. Ni mfano wa kibao kilichowekwa njia panda. Kibao kikianguka, mji haubomoki. Na kibao kikielekezwa kombo, msafiri hupotea ingawa mji upo palepale. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: kilichopotea ni kibao au ni mji?

Kompyuta iliyo chini ya usimamizi

Kompyuta ya ofisi inatofautiana na ya nyumbani kwa jambo moja kubwa: ina msimamizi. Idara ya TEHAMA huamua kutoka mbali programu zipi ziwemo, ikoni zipi zionekane na nani aruhusiwe kubadili nini. Ndiyo maana mtumishi hufuta ikoni asiyoihitaji, na kesho yake akaikuta imerudi. Hakuna mchawi hapo. Ni sera ya ofisi inayoirejesha kila anapoingia. Vilevile zipo ikoni zilizowekwa kwa ajili ya watumiaji wote wa mashine hiyo, na mtu akijaribu kuzifuta huombwa nywila ya msimamizi. Kuitafuta nywila hiyo kwa mlango wa nyuma, au kumwita fundi wa mtaani aje kuifungua mashine, ni kuichezea amana ya watu, kwa kuwa mashine hiyo huenda imebeba mishahara, ada za wanafunzi au taarifa za wagonjwa.

Dalili na maana zake

Ikoni zote zikitoweka kwa pamoja huku ukanda wa chini ukibaki salama, anza na sababu iliyo nyepesi. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, chagua View, kisha uangalie kama alama ya tiki ipo mbele ya Show desktop icons. Mara nyingi mtu huiondoa tiki hiyo kwa bahati mbaya, na hofu yote huishia hapo.

Ikoni zikigeuka kuwa karatasi nyeupe, lakini ukizibofya zinafunguka, tatizo lipo kwenye picha tu. Windows huhifadhi nakala za picha za ikoni ili izionyeshe upesi, na hifadhi hiyo huweza kuharibika. Izime kompyuta na kuiwasha upya. Isiposaidia, fundi ataifuta hifadhi hiyo na Windows itaijenga nyingine.

Ikiwa ikoni moja haifunguki na ujumbe unasema kitu hakipatikani, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, usome mstari wa Target. Hapo ndipo anwani ilipoandikwa. Ikiwa anwani inaelekea kwenye diski ya pamoja ya ofisi, yamkini waya wa mtandao umechomoka au seva imezimwa. Ikiwa inaelekea kwenye programu, huenda programu hiyo imeondolewa au imehamishwa. Usikimbilie kuifuta ikoni hiyo, kwa sababu anwani iliyomo humsaidia fundi kujua kilichotokea.

Dalili ya hatari zaidi ni pale unapoingia kwa jina lako ukakuta skrini ngeni, nyaraka zako hazionekani, na ujumbe unakuarifu kwamba umeingizwa kwa wasifu wa muda. Hali hii huja pale Windows inaposhindwa kuufungua wasifu wako wa kawaida. Nyaraka zako za zamani kwa kawaida bado zipo, lakini lolote utakaloliandika na kulihifadhi kwenye skrini hiyo litapotea utakapotoka. Usifanye kazi humo hata kwa saa moja. Toka, uingie tena, na hali ikibaki ileile umwite fundi.

Flashi iliyojaa vishale

Yote hayo ni ya kibao kuanguka. Lipo pia la kibao kuwekwa na mwizi. Wengi katika nchi zetu wamewahi kuchomeka flashi wakakuta folda zao zote zimegeuka njia za mkato. Kirusi huzificha folda halisi, kisha huweka mahali pake ikoni zinazofanana nazo. Mtu akibofya, folda yake hufunguka kama kawaida, na wakati huohuo kirusi hupata nafasi ya kuingia katika kompyuta.

Hatari hii si ndogo. Mwaka 2010 ulimwengu uligundua kirusi kilichoitwa Stuxnet, ambacho kilitumia udhaifu wa Windows katika kuonyesha ikoni za njia za mkato. Ilitosha kuifungua flashi na kuitazama, bila kubofya chochote, kirusi kikaingia. Microsoft iliuziba mwanya huo mwezi Agosti mwaka huohuo, na hii ni sababu mojawapo ya kutoyazuia masasisho ambayo ofisi huyatuma.

Ukiikuta flashi ya namna hiyo, usibofye ikoni yoyote, wala usiifute flashi yote kwa kudhani imekwisha kuharibika. Mara nyingi nyaraka zimo, ila zimefichwa, na fundi anaweza kuzifichua. Ichomoe, uikabidhi kwake. Na mzazi anayerudi nyumbani na kompyuta ya ofisi asiwaachie watoto waitumie kuchapisha kazi za shule kutoka kwenye flashi iliyopita mikononi mwa darasa zima. Kirusi kilichoingia sebuleni Jumapili kinaweza kufika kwenye mtandao wa ofisi asubuhi ya Jumatatu.

Namna ya kutoa taarifa

Haraka haraka haina baraka, hasa kwa anayeanza kufuta na kusakinisha upya kabla hajajua kilichoharibika. Kwa kompyuta ya ofisi, kazi ya mtumiaji ni kutazama vizuri na kueleza kwa ukweli. Andika saa tatizo lilipoanza. Nakili ujumbe kama ulivyo, au upige picha skrini. Eleza kama ni ikoni moja au zote, kama programu inafunguka kwa njia nyingine, na kama ulikuwa umechomeka flashi. Kisha muulize jirani yako ofisini kama naye yamemkuta. Siku ile ya Januari 2023, swali hilo moja lilitosha kuonyesha kwamba chanzo hakikuwa kwenye mashine ya mtu mmoja, bali kwenye masasisho yaliyozifikia mashine nyingi kwa wakati mmoja.