Sifuri Chini ya Mstari

Hapana amri ya hesabu inayotiiwa na wanafunzi upesi kuliko ile ya kufuta vinavyofanana juu na chini ya mstari wa sehemu, wala hapana ambayo masharti yake husahauliwa upesi kama hiyo. Natutwae sehemu ambayo kiasi chake ni x² − 9 na asili yake ni x² − x − 6. Ukivichambua katika vigawo, juu utapata (x − 3)(x + 3), na chini (x − 3)(x + 2). Na kwa kuwa (x − 3) imo juu na chini, utaifuta, ubaki na (x + 3) juu ya (x + 2), ukadhani kazi imekwisha.

Haijesha. Kugawanya kwa sifuri ni muhali, na asili ile ya kwanza ilikuwa sifuri mahali pawili, x ikiwa 3 na x ikiwa −2. Nako kurahisisha hakuna mamlaka ya kuhalalisha lililokwisha kuharamishwa. Ila makatazo haya mawili, ijapokuwa sababu yake ni moja, athari zake ni mbalimbali. Ukiweka 2.99, jawabu ni karibu 1.2004; ukiweka 3.01, ni karibu 1.1996. Grafu huijia 6/5 kutoka pande zote mbili, na pale penyewe ina tundu la nukta moja tu, dogo hata jicho halilioni, ndiyo maana wachoraji huliwekea kiduara kitupu. Lakini weka −1.99, upate 101, kisha −2.01, upate −99! Kigawo (x + 2) hakikupata mwenziwe juu wa kufutana naye, basi grafu hupaa upande mmoja na kuzama upande wa pili, ikiukaribia mstari wima wa x = −2 pasipo kuugusa abadan. Mstari huo ndio asimptoti, ambayo Apollonius wa Perga, Myunani wa kale, aliichungua katika kitabu chake cha mikato ya koni, kitabu ambacho juzuu zake za tano, sita na saba zimetufikia kwa tafsiri ya Kiarabu peke yake.

Iko na asimptoti mlalo. Katika mfano wetu, x ikifika 1000 jawabu ni karibu 1.001, na kadiri x inavyozidi ndivyo jawabu linavyoisogelea 1. Wako wasemao kwamba asimptoti haikatwi kabisa; kwa ile ya wima ni kweli, kwa hii mlalo sivyo, kwani x juu ya x² + 1 ina asimptoti y = 0, nayo grafu yake huikata waziwazi x ikiwa sifuri.