Je, Wajua? Unene Ndio Unaoumbua Kigari cha Mfano

Je, wajua kwamba rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo kwenye gari la barabarani ni ya kawaida kabisa, ikipigwa kwenye kigari cha mfano cha kipimo cha 1/24 inakuwa sawa na kulipaka gari halisi rangi yenye unene wa milimita 2.4? Anayeanza kuunda vigari hudhani kazi yake haifanani na gari kwa sababu vipande ni vichache, akakimbilia kununua vipuri vidogo vya shaba na vibandiko vya kila aina. Mara nyingi tatizo ni jingine: kila kitu ni kinene mno. Jicho limeona magari tangu utotoni, na likikutana na unene mahali panapopaswa kuwa pembamba hushtuka, hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kilichomshtua.

Chukua mwanya ulio kati ya mlango na bodi. Kwenye gari halisi una upana wa milimita 4 hadi 5 hivi. Gawanya kwa 24, unabaki na sehemu mbili za kumi za milimita. Mkono mmoja wa praima, miwili mitatu ya rangi, kisha vanishi juu yake, na mwanya umefukiwa. Mlango umebaki mchoro tu. Ndiyo maana waundaji wazoefu hushughulikia mianya kabla hawajagusa rangi. Hupitisha mgongo wa ncha ya kisu ndani ya kila mstari, taratibu, tena na tena, bila kukandamiza, mpaka mstari upate kina. Ukikandamiza, ncha huruka nje na kuchora mlangoni, na hapo utarudi kwenye pati na msasa.

Hesabu hiyo ya kugawanya kwa 24 ifanye kwa kila kitu utakachogusa. Waya wa plagi wenye unene wa milimita 7 unakuwa 0.3, na hapo uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa simu iliyokufa unatosha. Mkanda wa kiti wenye upana wa milimita 48 unakuwa 2. Kioo cha mlango chenye milimita 4 kinapaswa kuwa chini ya 0.2, lakini kioo cha plastiki kinachokuja ndani ya boksi mara nyingi kinakaribia milimita nzima. Ukikikuza kurudi ukubwa wa gari, una kioo cha milimita 24, yaani kioo cha kuzuia risasi. Waundaji wengi huvitupa vioo vya pembeni na kukata vipya kutoka kwenye plastiki nyembamba angavu, ile ya vifungashio vya mashati.

Kwa injini, wembamba peke yake hautoshi. Waya ziende zinakotakiwa kwenda. Injini ya L24 ya Datsun 240Z ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, na mpangilio wake wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Ukizunguka distributa, waya zifuate mpangilio huo. Anayezifunga ovyo hudanganya watazamaji wengi, lakini fundi wa gari akiinama kutazama, ataona papo hapo.

Na kwa nini 1/24, si 1/20 wala 1/30? Kipimo hiki kimetokana na futi na inchi: nusu inchi ya kigari ni futi moja ya gari. 1/43 ilitokana na reli. Treni za kuchezea za Uingereza za kipimo cha O zilihesabiwa milimita 7 kwa futi, na kampuni ya Meccano ya Liverpool, iliyouza treni za Hornby, ikatengeneza vigari vya kuwekwa kando ya reli hizo. Kuanzia 1934 vikajulikana kama Dinky Toys. Wamarekani wakashikilia 1/25, kipimo kilichoenezwa na kampuni kama AMT ya Michigan, iliyoanza 1948 kwa kutengeneza vigari vya matangazo kwa wauzaji wa magari mapya. Mwaka 1958 AMT ikaanza kuuza vipande ndani ya boksi, mnunuzi aunganishe mwenyewe kwa namna atakayochagua kati ya tatu. Tofauti ya 1/24 na 1/25 inaonekana ndogo, lakini gari lenye urefu wa mita 4.3 linakuwa milimita 179 kwa kipimo kimoja na 172 kwa kingine. Usinunue injini ya kipimo hiki ukaitia kwenye bodi ya kile kabla ya kupima.

Je, wajua kwamba kuunda vigari kuliwahi kuwa mlango wa kuingilia kwenye kazi ya kubuni magari halisi? Kuanzia 1930 hadi 1968, General Motors ya Marekani iliendesha mashindano ya vijana yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Mwanzoni washindani walitakiwa kuunda gari la kifalme la kukokotwa na farasi, lenye nakshi na magurudumu ya mbao, jambo lililohitaji mamia ya saa. Baadaye likaongezwa shindano la gari ambalo kijana amelibuni mwenyewe, na hilo ndilo lililobaki hadi mwisho. Vigari hivyo vilikuwa vya 1/12. Zawadi kubwa zilikuwa fedha za masomo ya chuo kikuu. Chuck Jordan alikuwa miongoni mwa washindi wa 1947. Aliajiriwa General Motors, na kati ya 1986 na 1992 akawa mkuu wa ubunifu wa kampuni nzima. Ningependa sana kuona shindano la namna hiyo likifanyika kwetu. Vijana wanaokunja waya na kukata makopo wakapata lori lenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele wana tayari kile kipaji ambacho General Motors ilikuwa ikikitafuta: wanaangalia gari kabla ya kulitengeneza.

Mfano mwingine wa kuangalia kwanza ni Tamiya, kampuni ya Shizuoka nchini Japani, iliyoanza 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao. Baada ya moto kuunguza kiwanda hicho mwaka 1951, ikaelekea kwenye mifano ya mbao, kisha plastiki. Ilipokuwa ikiandaa Porsche 934 ya kipimo cha 1/12, iliyotoka 1976, Shunsaku Tamiya hakuridhika na picha na vipimo alivyokuwa navyo. Akanunua Porsche 911 halisi na kuifumua. Wengi wetu hatuna uwezo huo, lakini tunaweza kufungua boneti ya gari la jirani kwa ruhusa yake na kupiga picha 50. Picha za matangazo hazisaidii sana. Hazionyeshi mabomba ya breki, uchafu wa chini ya chasi, wala namna mpira wa mlango unavyokunjika kwenye kona.

Tuje kwenye dawa na gundi, maana huku ndiko kuna mengi ya kushangaza.

Gundi ya plastiki haigandishi tu. Huyeyusha nyuso mbili za plastiki zikachanganyika, kisha kiyeyusho kikapaa na kuacha kipande kimoja. Kwa hiyo tone dogo linaloingia kwenye ungio ni bora kuliko kupaka tele. Supagluu ni jambo tofauti kabisa. Ilivumbuliwa Marekani mwaka 1942 na timu ya Harry Coover iliyokuwa ikitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, ikatupwa kando kwa sababu ilinata kila mahali, na haikuuzwa mpaka 1958. Mvuke wake ukikutana na alama za vidole huganda na kuwa mweupe, na polisi wanautumia kufichua alama hizo kwenye vitu vya ushahidi. Mvuke huo huo ndio unaotia ukungu mweupe kwenye vioo na taa za kigari chako. Bandika vioo kwa gundi nyeupe ya maji, ambayo ikikauka haionekani.

Kromu inayong'aa kwenye bampa za boksini ni utando wa alumini. Chini yake kuna mistari ya moldi ambayo haiwezi kusuguliwa bila kuharibu mng'ao. Loweka bampa kwenye jiki, hii hii ya kufulia nguo nyeupe, na alumini itaondoka. Vaa glavu na usichanganye na dawa nyingine yoyote. Ukishapiga msasa, rudisha mng'ao kwa rangi ya kromu. Kwa fremu nyembamba za madirisha, tumia foili maalum yenye gundi upande mmoja: ilaze, ikandamize kwa kijiti cha kuchokolea meno mpaka ishike kila kona, kisha ikate kwa wembe mpya. Wembe uliotumika jana utairarua.

Je, wajua kwamba rangi ya kucha na rangi za magari ya miaka ya 1920 zina asili moja? Zote zimetokana na nitroselulosi. Duco ya kampuni ya DuPont, rangi ya aina hiyo, ilipunguza muda wa kukausha gari kiwandani kutoka wiki kadhaa hadi saa chache. Waundaji leo huichanganya rangi ya kucha na tina na kuipuliza kwa brashi ya hewa, kwa sababu zipo zenye chembe za kung'aa ndogo kuliko zile za rangi ya gari, ambazo kwenye 1/24 huonekana kama vipande vya kioo. Lakini tanguliza praima, la sivyo itaila plastiki.

Tairi laini za vifurushi vya zamani nazo zina tabia mbaya. Mafuta yanayozilainisha huhama polepole na kuyeyusha rimu iliyo ndani yake. Kigari kizima kabatini, ukikitoa baada ya miaka unakuta rimu zimeliwa. Rangi au foili kati ya tairi na rimu huzuia hilo.

Kwa wanaoishi pwani, adui ni unyevu. Rangi ikipulizwa, kiyeyusho chake hupaa haraka na kupoza uso wa bodi. Hewa yenye unyevu ikigusa ubaridi huo hutoa maji, na rangi ikageuka nyeupe kama imepigwa chokaa. Wakati wa masika Mombasa au Dar es Salaam, ahirisha vanishi mpaka siku kavu. Kopo la rangi ya kupuliza likikaa kidogo kwenye maji ya uvuguvugu hutoa matone madogo zaidi, lakini usilikaribishe jikoni wala kwenye maji ya moto, linaweza kulipuka.

Sasa Safari Rally. Hasegawa ya Japani imetoa, kwa kipimo cha 1/24, Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na gari lenyewe, jekundu lenye boneti nyeusi, Nissan wamelihifadhi kwenye ghala lao la kumbukumbu huko Zama. Wengi huliunda likiwa safi. Mimi naona Datsun ya Safari isiyo na vumbi haijamalizika. Lakini usichukue udongo mwekundu ukaumwaga tu: punje ya mchanga yenye robo ya milimita ni jiwe la milimita 6 kwa kipimo hicho. Uponde, uchuje kwa kitambaa cha kuchujia tui, kisha uchanganye na vanishi isiyong'aa. Vumbi huanzia nyuma ya magurudumu, hupanda kuelekea milangoni na kulala kwenye buti. Kwenye kioo cha mbele acha nusu duara mbili safi, mahali waipa zilipopita. Maswali hayo mawili, vumbi linatoka wapi na nini kimelifuta, yanafanya kazi kubwa kuliko rangi kumi za matope za dukani.

Michael Paul Smith wa Massachusetts, aliyefariki 2018, alipiga picha za vigari vya 1/24 mbele ya miti na nyumba halisi kwa kamera ndogo ya kawaida, na watu waliapa ni picha za miaka ya 1950. Kamera yake ilikaa chini. Jicho la mtu aliyesimama liko kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kwa 1/24 hiyo ni milimita 67. Piga picha kutoka hapo na utaona makosa yote ambayo meza iliyaficha.

Ukitaka kujua mwisho wa udogo, kampuni ya Denso ya Japani iliunda katika miaka ya 1990 Toyota AA ya 1936 kwa kipimo cha 1/1000. Ina urefu wa milimita 4.8, vipande 24, na mota inayoiendesha.

Kwenye mashindano ya IPMS, jumuiya ya waundaji iliyoanzia Uingereza 1963, waamuzi hutazama kwanza misingi: je, magurudumu yote manne yanagusa chini, yamenyooka, maungio yamezibwa, kuna alama ya gundi? Vipande vya ziada huja baadaye. Vinaweza hata kukuponza, kwani kila kipande ni nafasi nyingine ya kukosea.

Na kwa atakayetaka kuunda gari jingine la Safari Rally: Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda mashindano hayo mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Bado kuna 404 zilizosimama kwenye yadi na nyuma ya nyumba za watu, zikiliwa na kutu. Ukiiona moja, omba ruhusa kwa mwenyewe, chukua tepu na kamera, pima urefu wake, mianya ya milango, upana wa grili na kipenyo cha taa, na uandike kila kitu kabla gari hilo halijakatwa kuwa chuma chakavu.