Siyo kila jiwe jeupe ni kwatzi, pima kabla hujapost

Wadau, hili somo nililipia elfu 60.

Nina kaduka Kariakoo, nauza mtandaoni mawe ya urembo ya vyungu vya maua na matanki ya samaki. Nilichukua kiroba cha mawe meupe, nikaambiwa ni kwatzi, nikapost hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye dada mmoja wa Upanga akanipigia: "Kaka, samaki wangu wanakufa."

Kumbe yalikuwa marumaru! Marumaru ina chokaa, inayeyuka kidogo kidogo na kubadilisha maji. Kwatzi haifanyi hivyo. Siwezi kuapa kwamba ni mawe tu yaliyoua samaki, ila nilichoandika hakikuwa kweli. Nikarudisha hela yote.

Siku hizi sipokei mzigo kabla ya kupima:

1. Chupa. Kwaruza chupa tupu kwa ncha ya jiwe. Ugumu wa kwatzi ni 7, kioo kama 5.5, hivyo utaona mchirizi usiofutika. Marumaru ni 3 tu, haikwaruzi.

2. Msumari na siki. Kwaruza jiwe kwa msumari. Likitoa unga, dondoshea siki. Ukiona povu, hiyo ni chokaa.

3. Mwanga. Viputo vya duara ndani? Hicho ni kioo.

Rangi ya njano au kahawia isikutishe, mara nyingi ni kutu ya chuma. Kwatzi ya mtoni ndiyo ilivyo: madini laini yamesagika, yenyewe imebaki.

Ukipost, weka na video ya chupa na siki. Mteja ajionee mwenyewe.

Wewe mzigo wako umeshaupima?